Mti Uliokataa Kudhaminiwa

Usiku wa jana sikuota kitu, kwa sababu sikulala. Nimeota leo, saa sita mchana, juu ya magunia ya mboji kule kitaluni, jua likipenya kwenye neti ya kivuli na kunichoma shavu moja tu. Nasimulia kama nilivyoota. Anayetaka ndoto iliyonyooka akaote yake.

Kwanza mjue kilichoninyima usingizi. Mimi ni Twilumba, mke wa Obadia Mgaya, na kazi yangu ni kubebesha miche ya parachichi hapa kwetu Njombe. Nachukua mche wa kienyeji uliochipua kwenye kokwa, naukata kichwa, napachika kikonyo cha Hass, nafunga na utepe wa nailoni, nasubiri. Msimu uliopita miche elfu tatu ilipita mikononi mwangu na karibu yote ilishika. Mikono hii ikigusa kitu kinaota. Tumboni mwangu ndiko ambako miaka tisa hakijaota kitu, na leo saa tisa alasiri ukoo wa mume wangu unakuja kukaa kikao juu yangu. Ama nirudishwe kwetu Makambako, ama nikubali Obadia aoe mwingine. Hakuna jambo la tatu mezani.

La tatu ninalo mimi. Miaka miwili iliyopita nilikwenda hospitali peke yangu, nikapimwa kila kinachopimika. Daktari akaniambia sina tatizo, nirudi na mwenzangu. Mwenzangu akasema mwanamume hapimwi kama ng'ombe. Basi nikakikunja kile cheti, nikakificha ndani ya soksi, na nyumbani nikasema bado wanachunguza. Nilimpenda, na bado nampenda mjinga yule, nikaona afadhali mimi niitwe mgumba kuliko yeye achekwe kilabuni. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu hakupita, akaketi sebuleni, akaagiza chai.

Halafu kuna habari ya miti. Nyuma ya nyumba tuna shamba la parachichi aliloliacha marehemu baba mkwe, na zamani lilikuwa na aina mbili, Hass na Fuerte, zilizochanganywa. Miaka mitatu iliyopita Obadia na baba yake mdogo, mzee Zefania, walisikia kwamba wanunuzi wanataka Hass tu, wakakata kila Fuerte. Niliwaambia miti hiyo inahitajiana: ua la Hass linapokuwa jike, la Fuerte linakuwa dume, na nyuki ndiye mshenga anayekwenda na kurudi. Mzee Zefania akacheka mpaka akakohoa. Akauliza tangu lini asiyezaa akawafundisha watu kuzaa.

Mavuno yakaporomoka. Wao wakafanya nini? Wakachukua panga, wakaenda kuitisha miti.

Huo ni utaratibu wa tangu zamani, sijautunga mimi. Mti ukigoma kuzaa, mtu mmoja anaujia na panga, anaufokea, anausogelea kama anayetaka kuuangusha. Mwingine anasimama katikati na kuuombea: mwache, namdhamini, mwakani atazaa. Basi yule wa panga anaukata mikato mitatu midogo kwenye gome ili ukumbuke, anaondoka. Miti mingine huzaa kweli, sijui kwa woga au kwa maumivu. Mwenye panga siku zote ni mzee Zefania, na mdhamini siku zote ni mama mkwe wangu, mama Damari. Miaka mitatu mfululizo wamezitisha Hass zetu, ambazo waume zao wao wenyewe ndio waliowakata.

Haya, sasa ndoto.

Nimelala juu ya magunia, na mche mmoja wa safu ya mbele unanigusa bega.

"Kamwene," unasema.

"Kamwene," najibu. Salamu ni salamu, hata ikitoka kwenye kiriba cha plastiki.

Mche una ua moja tu, dogo, la kijani chenye unjano. Ua linasema asubuhi hii ni mama, kwa hiyo niliamkie kama mama. Kesho jioni litakuwa baba, na nikipita nisije nikachanganya. Naliuliza kama halichoki. Linasema kubadilika hakuchoshi. Kinachochosha ni kufunguka asubuhi ukiwa mama, umeoga, umejipamba, na kukuta shamba zima ni kina mama watupu, maua elfu na elfu, hakuna baba hata mmoja mpaka ng'ambo ya mto. Mchana wote wanajifunga wanalala. Kesho yake jioni wote wanaamka wakiwa kina baba, wanatazamana, hakuna mama hata mmoja.

"Mkikaa hivyo miaka mia hampati mtoto," linasema ua. "Mnapata mkutano."

Naliambia hata sisi tuna mkutano leo, saa tisa. Ua linatikisa kichwa, linasema mkutano wangu umeshaanza na mimi nimechelewa. Faili langu liko dirishani.

Nageuka kulitafuta dirisha, na kitalu ni korido ya ofisi. Ukuta umepakwa rangi ya maziwa juu na kahawia chini. Kuna foleni ndefu nami niko katikati yake, bila kukumbuka kupanga. Mbele yangu kuna mbuzi jike mwenye kadi ya kliniki mdomoni. Nyuma yangu kuna ua jike la boga, limebeba kiboga chake kidogo kama kidole gumba, linalalamika kwamba limeambiwa lirudi na barua ya mtendaji. Natazama foleni nzima, mwanzo hadi mwisho. Hakuna dume hata mmoja.

Na madirisha ni mawili. Juu ya hili letu wameandika WANAWAKE. Hatua tatu kutoka hapo liko jingine, WANAUME, halina mtu. Buibui amejenga kwenye tundu la kupitishia karatasi, na kwa jinsi utando ulivyotanda, wajukuu zake ndio wanaokaa sasa.

Dirishani kwetu anahudumu kuku mwekundu mwenye miwani. Haniangalii.

"Unataga?" ananiuliza.

"Mara moja kwa mwezi."

"Kidogo. Lakini kwa aina yako inaruhusiwa."

Anaandika. Halafu ananisimulia, kalamu ikiendelea, kwamba yeye hutaga karibu kila siku, jogoo awepo asiwepo, ila bila jogoo yai linakuwa la kukaangwa tu, hata ulilalie mpaka kifua kichubuke. Anasema mwaka jana mwenye nyumba alimwatamisha dada yake mayai kumi na mawili, siku ishirini na moja zikapita, hakikuanguliwa hata kifaranga kimoja. Ananiuliza ni nani aliyechinjwa. Namwambia kuku. Anasema dada yake, ndiyo, na jogoo alikula ukoko wa ugali uliosindikiza mchuzi ule.

Kisha anavuta droo, na ndani ya droo yamo mayai yangu.

Siyo kama ya kuku. Ni madogo, madogo sana, kama vumbi linaloonekana kwenye mwanga wa mlango, lakini katika ndoto nayaona vizuri. Yamo mia moja na nane. Kila moja limevaa nguo za safari na kushika kibegi. Kuku anasoma faili kwa sauti ile ile ya kusomea majina hospitalini: limefika kwa wakati, limekaa kituoni siku moja, hakuna aliyekuja kulipokea, limeondoka. La pili, limefika kwa wakati, limekaa siku moja, hakuna aliyekuja kulipokea. La tatu vivyo hivyo. Anasoma yote. Foleni nyuma yangu haigombi.

Yai moja linanyoosha mkono. Linasema ni la Machi mwaka juzi. Naukumbuka Machi ule, ndio mwezi nilionyweshwa mizizi ya mganga, baba yake nani sijui, nikatapika siku mbili, mama mkwe amenishika kichwa juu ya beseni.

"Hatuna la kudai," linasema yai. "Ila ukiulizwa, sema tulikuja."

Hapo nikalia. Sikulia kwa uchungu wa kukosa mtoto. Uchungu ule nimeshauzoea, tunaamka pamoja na kulala pamoja. Nililia kwa hasira. Miaka tisa nimeomba radhi, nimepiga magoti, nimekunywa machungu, kwa kosa ambalo hakuna yeyote ndani ya mwili wangu aliyelifanya. Wote walikuwa kazini. Namwambia kuku kwamba kuanzia leo sitaomba radhi tena. Anagonga mhuri juu ya maneno hayo bila kuuliza sababu.

Naenda kwenye dirisha la wanaume. Nyuma ya utando ameketi fahali mkubwa mweupe, meza yake safi, mhuri wake haujawahi kuguswa na wino. Anasoma gazeti. Namuuliza kama anahudumia watu. Anasema yupo tayari tangu alipoajiriwa, kila siku anawahi saa moja na nusu, lakini hajaja mteja.

"Wewe mwenyewe ulipimwa?"

"Kabla ya kupewa kiti. Kwetu dume asiyepimwa hapewi hata kamba."

"Uliona aibu?"

"Nilipimwa, nikarudi, nikala majani."

Namweleza kwamba mume wangu anasema mwanamume hapimwi kama ng'ombe. Fahali analikunja gazeti mara nne. Naona neno lile limemkaa vibaya.

"Sasa mimi nipimwe kama nani?" anauliza.

Namuuliza wanaume wako wapi. Ananyoosha pembe kuelekea mlango wa nyuma.

Nafungua mlango wa nyuma na kukutana na mianzi, na chini ya mianzi benchi refu na madumu ya ulanzi, pombe ya mianzi hiyo hiyo. Wameketi wanne. Wa kwanza ni jogoo. Wa pili ni mpapai dume, amejaa maua mpaka kwenye makwapa, ananukia, hana hata tunda la kuzugia. Wa tatu ni nyuki dume, mnene, mpole, macho makubwa. Wa nne ni Obadia wangu, kavaa shati lake la kanisani. Mkononi ameshika kikombe kidogo cha hospitali, cha wanaume kutolea kipimo, cheupe, chenye kifuniko cha kijani, na anakinywea ulanzi.

Wanajisifu. Jogoo anasema bila yeye kusingekucha. Mpapai anasema maua aliyo nayo hata hayahesabiki. Obadia anasema ukoo wa Mgaya una mbegu, mwanamume mmoja tu wa ukoo huo anabeba mamilioni kwa mamilioni, ni suala la udongo. Anaponiona anasogea kidogo kunipa nafasi, kama ambavyo angefanya nyumbani, maana si mtu mbaya. Sikai.

Nyuki dume ndiye anayezungumza, tena kwa adabu. Anasema kwao harusi hufanyika angani, na bwana harusi hufa pale pale, anaanguka chini kama punje ya mtama. Kila dume anayajua hayo tangu utotoni. Siku malkia akiruka, wanakwenda.

"Wewe shemeji umeitwa chumba kimoja, robo saa, na unarudi nyumbani mzima," anamwambia Obadia.

Obadia anakitazama kikombe. Kwa mara ya kwanza nauona uso wake ambao huwa anaugeuzia ukutani.

"Na wakikuta hamna kitu?" ananiuliza. Sauti yake ni ndogo.

"Watasema hamna kitu. Nami nitakuwa mlangoni nakusubiri, halafu tutakula chapati, halafu tutarudi."

Naona kama atasimama. Kisha anajimiminia tena na kusema ulanzi wa leo mtamu kweli. Loo, nilitamani nimpige na dumu. Niliyemfichia aibu miaka miwili aliketi mbele yangu akinywea aibu hiyo hiyo, na ilikuwa inamshuka vizuri.

Nainua mguu nimfuate, mguu hauinuki. Natazama chini. Niko kwenye udongo mpaka vifundoni. Benchi limekuwa safu ya kwanza ya shamba letu, mianzi imekuwa parachichi, na mimi ni mti kati ya miti. Kulia kwangu Hass, kushoto kwangu Hass, wote wana makovu matatu matatu kwenye shina. Yule wa kulia ananinong'oneza kwamba haiumi sana, ukishapata mdhamini.

Wanakuja. Mbele ni mzee Zefania na koti lake la mvua na panga. Nyuma yake ukoo wote wamebeba viti vyao wenyewe, wanavipanga mbele yangu nusu duara, wanaketi. Obadia anaketi pembeni kabisa na kikombe chake. Mzee Zefania anavaa miwani, anafungua daftari, na kusoma kanuni. Mti usiozaa huulizwa mara moja. Mti usiozaa haujibu. Asipopatikana mdhamini, unakatwa. Anavua miwani.

"Kwa nini huzai?" ananiuliza.

"Kanuni inasema mti haujibu."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini unauliza?"

Anaandika kwamba mti umejibu, na kwamba hilo ni kosa la pili. Kisha ananifokea kama anavyozifokea Hass kila mwaka, maneno yale yale: unakula mbolea ya watu, unakaa kwenye ardhi ya watu, unayatia kivuli maharage ya watu. Panga linapita karibu na goti langu, nasikia upepo wake. Anauliza nani anaudhamini mti huu. Ukoo unatazama ardhi. Natafuta macho ya Obadia, nayapata ndani ya kikombe.

Basi mama mkwe anasimama. Mama Damari, miaka sitini na nane, kitenge cha kikao, kilemba cheupe. Anakuja taratibu, anasimama kati yangu na panga, ananipa mgongo.

"Mwache," anasema. "Namdhamini. Mwakani atazaa."

Watu wanapiga makofi. Wengine wameshaanza kukunja viti. Mzee Zefania anageuza panga atie ile mikato mitatu ya ukumbusho, yaishe. Na mimi nilimwonea huruma yule mama, kwa sababu nilijua ananipenda kwa namna yake ya beseni na mizizi. Ingekuwa mwaka jana ningenyamaza.

"Sikubali," nasema.

Makofi yanakatika. Mzee Zefania anauliza sikubali nini. Namwambia dhamana. Naeleza, kwa upole kwanza: anayedhaminiwa amekiri, na mimi sina la kukiri. Anayesema mwakani atazaa amesema mwaka huu kosa ni lake. Mayai yangu yote yalikuja kwa wakati, yamevaa nguo za safari, yamo drooni kwa kuku, nendeni mkahesabu. Halafu upole ukaniishia. Nikawaambia wamekata kila mwenza shambani humu kwa shoka, kisha wanakuja na panga kuwauliza wajane kwa nini hawana mimba. Hass wa kulia anasema amina.

"Mwanangu, nyamaza," anasema mama mkwe bila kugeuka. "Mimi pia nilidhaminiwa. Hapa hapa."

Hili sikulijua. Namuuliza alitishiwa mara ngapi. Anasema mara mbili, mwaka wa tano wa ndoa na mwaka wa sita. Namuuliza mwaka wa saba. Anasema mwaka wa saba alizaa, alimzaa Obadia, na panga halikurudi tena.

Na mimi, mbele za watu wote, bila kufikiri, nikauliza kile ambacho mfanyakazi yeyote wa kitalu angeuliza.

"Ulizaa na mti upi, mama?"

Hata kuku shambani anaacha kuparua. Ng'ambo ya uzio, kwenye shamba la jirani, kuna Fuerte mmoja mzee ambaye shoka halikumfikia kwa sababu si wetu. Fuerte yule anakohoa, anajifanya kutazama mlimani. Mama mkwe bado amenipa mgongo. Naona shingo yake tu, na kilemba kikishuka polepole kama anayesoma kitu chini. Hapo nikaelewa kwamba hata mwaka ule wa tano na wa sita kosa halikuwa lake, na kwamba alilifunika kombe la mume wake miaka yote hii, hata baada ya kaburi, na aibu ikamkalia yeye sebuleni kama yangu ilivyonikalia mimi.

Mzee Zefania hajaelewa, au hataki. Anasema swali halimo kwenye kanuni na analifuta. Anainua panga, safari hii si kwa mikato mitatu.

Natoa mguu wa kulia udongoni. Unatoka na mizizi yake, mirefu, myeupe, inachuruzika matope. Natoa wa kushoto.

"Mti hautembei," anasema mzee Zefania.

"Wapi imeandikwa?"

Anafungua daftari. Anatafuta ukurasa baada ya ukurasa, panga likiwa kwapani. Natembea katikati ya viti, mizizi yangu inapita juu ya viatu vya watu, nao wanainua miguu kunipisha, kama watu wanaopisha mtu wa kudeki. Nyuma yangu nasikia udongo unapasuka, Hass wa kulia, kisha wa kushoto, kisha safu nzima. Nafika kwa Obadia. Nakichukua kile kikombe, namwaga ulanzi chini, nakifuta kwa jani langu mwenyewe, namrudishia mkononi na kifuniko chake.

Nikaamka.

Ilikuwa saa saba na dakika chache. Shavu moja lilikuwa la moto, mguu mmoja umekufa ganzi. Miche ilikuwa kwenye viriba vyake, imenyamaza kama kawaida yake. Nikajiambia ni njaa na magunia, na woga wa kikao. Nikakaa nikausugua mguu.

Mlangoni mwa kitalu alikuwa amesimama mama mkwe. Miaka tisa yule mama hajawahi kukanyaga humu ndani. Husema harufu ya samadi inampandisha kichwa. Alikuwa na kitenge cha kikao na kilemba cheupe, lakini kilemba kimekaa upande, cha mtu aliyeinuka kitandani upesi. Kwenye shavu lake kulikuwa na alama ya mto.

Nilimwamkia. Aliishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

"Twilumba," akasema, "lile swali hukupaswa kuniuliza mbele ya Zefania."

Ningeweza kumuuliza swali gani, nikamlazimisha alitamke, na nakiri ulimi uliniwasha. Panga lilikuwa limehamia mkononi mwangu, na mpini wake ulikuwa unanikaa vizuri. Nikamtazama alivyoing'ang'ania ile nguzo. Mtu amekaa miaka arobaini peke yake na jambo hilo.

"Sitaliuliza tena, mama," nikamwambia. "Si mbele yake, wala mbele ya mtu yeyote. Hilo ni lako. Lakini mimi sidhaminiwi."

Akaitikia kwa kichwa. Akakaa kwenye ukingo wa gunia langu, juu ya samadi ile ile, akavuta pumzi mara mbili tatu. Akasema atazungumza na Obadia akapimwe. Atazungumza naye kesho, wageni wakishaondoka.

"Leo, mama. Kabla hawajakaa."

Akakifunga upya kilemba chake kwa mkono uliotulia kuliko nilivyotegemea, akasimama, akatoka. Nikamsikia ng'ambo ya neti akimwita mwanawe aache jembe, anawe miguu, avae viatu. Obadia akauliza wanakwenda wapi, na kikao je. Mama yake akamwambia kwamba atamsindikiza yeye mwenyewe mpaka mlango wa daktari, na kwamba Zefania akifika na watu wake, wakute viti vitupu, wasubiri.